Nafasi Mbili Kwenye Mkanda

Muda mfupi baada ya Uhuru, kiwanda cha sukari nilichokuwa nikifanya kazi, kusini ya Msambweni, kilikosa watu. Vijana walikimbilia Diani kujenga mahoteli. Masika yalipoingia, wanawake wenzangu wa chumba cha magunia nao wakaenda kulima. Sisi ndio tuliokuwa tukishona midomo ya magunia kwa shazia na uzi wa katani. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenifunza kazi hiyo, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka.

"Nchi imekuwa yetu, basi na tuilime," alisema.

Mimi sikuwa na pa kulima. Mume wangu alipofariki, shamba lilirudi kwa nduguze. Nikabaki.

Sukari ikarundikana sakafuni. Mnyapara wetu alizunguka nyumba kwa nyumba akiwabembeleza watu, asimpate hata mmoja. Ndipo wenye kiwanda wakaleta mashine. Gunia lilijazwa na kupimwa humo humo, likaangukia kwenye mkanda uliokuwa ukienda, na mkanda ukalipeleka kwenye cherehani kubwa iliyolishona mdomo kufumba na kufumbua. Kazi yangu ilikuwa kuunyoosha mdomo wa gunia kabla haujafika kwenye sindano. Ukigeuza shingo tu, gunia limepita wazi, sukari yamwagika, na mnyapara yuaja mbio akifoka. Nilijizoeza hata kuzuia chafya.

Kisha mvua ikakatika. Mahindi yakakauka kabla ya kubeba. Asubuhi moja nikasikia sauti nilizozizoea nyuma yangu, mlangoni, nikajua bila kutazama kwamba wanawake wamerudi.

"Shikamoo, shangazi," nilisema, macho kwenye gunia.

"Marahaba, mwanangu. Hiki ndicho kilichokaa mahali petu?"

Mnyapara alikwisha fika.

"Mama, nilikuja hadi barazani kwako ukanirudisha," alimwambia. "Leo nina nafasi mbili tu. Mmoja wa kuweka magunia matupu mdomoni mwa mashine, mmoja wa kuyapokea huku mwisho."

Wanawake wakaguna. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, naye mtoto akaanza kulia kwa ule mngurumo wa mashine.

Mnyapara akanigeukia mimi. "Wewe waijua mikono yao. Nitajie wawili."

Jasho likaniingia machoni, nisiweze kulifuta. Nilijua macho ya shangazi yalikuwa yameanza kufifia. Hata uzi alikuwa akitungiwa. Mkanda ule ungemtaabisha. Lakini ningelitajaje jina la mwingine naye amesimama pale? Gunia likaja, nikalinyoosha. Likaja jingine.

"Haya, sema!"

"Simamisha mashine kwanza," nilisema.

"Haisimami kwa ajili ya mazungumzo. Sema, au niende nje nikaokote yeyote."

Gunia la tatu likanipita mdomo wazi. Sukari ikamwagika miguuni pangu, na yeye akainua mkono kama atakayenipiga.

"Mchukue huyu mwenye mtoto," sauti ya shangazi ilipanda juu ya mngurumo. "Na yule mrefu kule nyuma. Mwache mwanangu afanye kazi yake."

Mnyapara akashusha mkono. Wale wawili wakaitwa ndani, mtoto akachukuliwa na bibi yake, naye mmoja wa wale wanawake. Nilipopata nafasi ya kugeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Ijumaa nilikwenda kwa shangazi. Nilimkuta akisuka makuti ya kuezekea. Akanikaribisha, akanitilia chai, akaniuliza habari za kazi, mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, nilikuwa nakuhofia. Macho yako..."

"Najua hali ya macho yangu," alisema. "Nisingeikubali kazi ile."

Akavuta kuti jingine, akalikunja.

"Lakini nilitaka unitaje, mwanangu. Unitaje, kisha nikatae mwenyewe."

Nilikaa nikimsukia makuti hadi adhana ya alasiri.