Puto la Wekesa

Nilipokuwa mtoto pale mtaani Jericho, nyumbani kwetu mtu hakuacha pumzi yake ovyo. Kukhu, nyanya yetu aliyetoka Bungoma kuja kutulea, alishikilia kwamba ukipuliza kitu ukakifunga, umejifungia humo mwenyewe. Kikinywea, nawe utanywea. Mama alicheka. Nami nilicheka, ila puto langu sikulipuliza kwa nguvu.

Wekesa, mdogo wangu, hakujua kuogopa. Siku yake ya kuzaliwa alipuliza puto jekundu mpaka mashavu yakataka kupasuka, Baba akalifunga kwa uzi. Shangazi naye alileta la gesi kutoka sherehe ya ofisini kwao, likapanda likaganda darini, na watoto wa ploti nzima wakaja kulitazama.

Ilikuwa Julai, na anayeijua baridi ya Julai kwenye sakafu za simenti za nyumba za kaunsili hahitaji kuelezwa. Kulipokucha Wekesa alikuwa akihema kwa shida, na Baba na Mama wakamkimbiza hospitali. Walipoondoka ndipo nikaliona puto lake sakafuni, limesinyaa, limejaa mikunjo. Lile la gesi lilikuwa limeanguka nyuma ya kochi.

"Kukhu! Baluni ya Wekesa inakufa!"

Kukhu, mwenye jibu la kila kitu, aliketi ghafla kwenye kigoda. Sijawahi kuogopa namna ile.

"Na hii ya gesi?" nikauliza.

"Hiyo wachana nayo. Haina pumzi ya mtu."

Nikaanza kufungua uzi wa lile jekundu ili niliongeze pumzi. Akanichapa mkono.

"Wacha! Ukitia yako, ya mtoto itatoka. Hiyo tutaipasha joto tu."

Akalipakata, akalifunika kwa leso aliyokuwa amejitanda, akasogea karibu na jiko, huku akiomba kwa Kibukusu. Nilikaa miguuni pake bila hata kudai chai. Kidogo kidogo leso ikaanza kuinuka. Alipoifunua, mikunjo ilikuwa imepotea na puto limekaza kama jana.

"Anarudi," Kukhu akasema, machozi yakimtoka.

Jioni Mama aliingia peke yake.

"Ni nimonia," akasema, "lakini ameamka, anadai mandazi. Wamesema tumweke kwenye joto."

Kukhu alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja.

Nilipofika sekondari mwalimu alitueleza kwamba hewa ikipoa hujikusanya, ikipata joto hutanuka, na kwamba gesi ile nyepesi hupenya kwenye mpira upesi kuliko pumzi yetu. Likizo ilipofika nikamweleza Kukhu yote, kwa madaha ya msomi. Alinisikiliza akichambua mboga.

"Kwa hivyo ilitaka joto?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Basi," akasema, akanisukumia majani nimsaidie.

Siku hizi Wekesa ni baba wa watu, na hukana kwamba aliwahi kuugua. Mimi siamini tena kwamba uhai wake ulikuwa ndani ya puto. Lakini siku ile yeye alikuwa mbali, hatukuweza kumfunika. Puto ndilo lililokuwa karibu, tukalifunika hilo, na hadi leo nashukuru kwamba Kukhu alikuwa na kitu cha kupakata.