Mke wa kijana yangu alikataa muthokoi yangu mbele ya watu, nikaanza kumchunguza

Wakuu, habari za huko. Mimi ni mama mzee wa hapa Kola, Machakos. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo maandishi ikipinda mnivumilie. Lakini uongo hamtapata hapa.

Mke wa kijana yangu anaitwa Mumbua. Alikuja kututembelea na sufuria yake ndogo ndani ya begi.

Sufuria, wakuu. Kama kwangu hakuna.

Siku hiyo wamama wa jumuiya walikuwa kwangu. Nikakaanga muthokoi, ile mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na mafuta ya mbuzi. Huyo mbuzi alikuwa mwizi, alishakula kitambaa ya kanisa, lakini hiyo tuache.

Mumbua akasema asante mama, nitapika yangu. Akachemsha ndengu bila hata tone ya mafuta.

Huku kwetu ukikataa chakula ya mama mkwe mbele ya watu, umesema ameweka kitu mbaya ndani. Wamama wakaangaliana. Mmoja akaniambia ati huyo ameshajua wewe hupika na nini. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Nikaanza kumchunguza. Nikashuku ameingia dhehebu ingine. Nikashuku ni mimba anaficha. Hata hiyo sufuria niliinusa.

Mwishowe tukabaki wawili, anapepeta ndengu. Nikamuuliza nilimkosea nini ndio aogope mkono yangu.

Akaweka ungo chini.

"Si mkono yako, mama. Ni mafuta. Mama yangu alienda na kansa ya matiti, na dada yake pia. Mimi niko high risk. Nilisoma kwa simu, nikiacha mafuta haitanipata."

Hapo niliona haya. Lakini mimi ni mtu wa kushuku tangu utoto, roho ikakataa kutulia.

"Na daktari alipokuangalia, alisema aje?"

Akachukua ungo tena. Anapepeta ndengu safi.

"Mumbua."

"Sijaenda. Nikienda si wataipata?"

Kumbe mtoto wa watu alikuwa anakimbia hospitali, anajificha nyuma ya chakula.

Nikamwambia nitakula hiyo ndengu yake bila kunung'unika, lakini kliniki tunaenda. Tukaenda. Kwa foleni alinishika nguo kama mtoto.

Daktari alimwambia kupunguza mafuta si kosa, mwili itamshukuru, lakini hakuna mtu anaweza kuapa hiyo pekee itazuia kansa. Ati mwenye mama na mama mdogo wamepata, afuatiliwe mapema.

Akapigwa picha ya matiti. Wakaona kitu ndogo, hata mkono haiwezi kuisikia. Wakatoa kipande ya kupima. Daktari akasema nyingi huwa si mbaya.

Majibu bado.

Nimejifunza hivi: mtu akikuambia amepata kinga, muulize ni nani amemwangalia. Akinyamaza, usimwache.

Kama kuna mwenye ashangoja majibu kama hii, aniambie hapa chini. Mlikuwa mnalala aje?