Kumchukua Anastazia kwa Kamio Yenye Pompi Mbovu

Nilikuwa nimerudi Lushebere kwa likizo kutoka chuo kikuu huko Leopoldville, na wageni walikuwa bado wanakuja kunisalimia, pale mchuuzi mmoja wa chumvi alipopita nyumbani na habari ya dada yetu. Anastazia ameolewa Kashebere, upande wa Walikale. Mimba yake ilikuwa imekomaa, miguu imevimba, na muuguzi wa zahanati ya kule amesema safari hii asizalie mbali na daktari. Mtoto wake wa kwanza alikufa wakati wa kuzaliwa, na yeye mwenyewe nusura amfuate. Daktari alikuwa Masisi tu, karibu na kwetu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja: "Mwende mumulete."

Kaka yangu Leonardi alikuwa dereva wa kamio, lori la mfanyabiashara wa mboga. Ilikuwa gari kuukuu ya mazutu, yaani dizeli, iliyouzwa na mzungu wa shamba alipochoka nayo. Mwenye gari alikubali tushuke na viazi na maharage, turudi na mapipa ya mafuta ya mawese na dada yetu.

Asubuhi tuliondoka Lushebere ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba. Wanawake walikuwa wanapanda mlimani na majembe begani. Mahali pamoja tuliwakuta wanaume wanaziba mashimo ya barabara kwa mawe, capita, msimamizi wao, amesimama juu yao. Nilitoa kichwa dirishani niwaulize nani anawalipa. Leonardi akanikanyaga mguu, nikarudi ndani.

Kwenye kilima kirefu cha kwanza moteri ilianza kukohoa, kisha ikaishiwa nguvu. Leonardi alishuka, akafungua boneti.

"Iko nini?" nikauliza.

"Filtiri. Mazutu ya siku hizi iko na uchafu."

"Uliisafisha lini?"

"Jana."

"Kama uliisafisha jana, namna gani itakuwa filtiri?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kunishushia. "Profesa, acha masomo. Sukuma hii."

Alinionyesha kidole cha chuma chini ya pompi ndogo inayovuta mazutu kutoka tangi na kuipeleka mbele. Nilikisukuma juu na chini mpaka mkono ukauma. Gari ikawaka, ikapanda, na kwenye kilima kilichofuata ikakohoa tena. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepita alama, na ilinuka mazutu.

"Uliongeza oili?"

"Hapana." Leonardi alinusa kijiti, akapangusa mikono kwenye suruali. "Ni pompi. Mpira wa ndani umepasuka, mazutu inaingia mu moteri. Nilijua tangu juma lililopita."

"Na ile pompi ingine niliona chini ya kiti, imefungwa mu kitambaa?"

"Njo hiyo ya kubadilisha. Lakini kitu kama kinatembea, haukigusi. Nikifungua hapa na buloni ya kuishikilia ikatike, tutalala na chui. Kashebere njo kuko bantu wa kusaidia."

Tuliendelea hivyo hivyo, yeye akiendesha, mimi nikishuka kila mlima kusukuma kile kidole.

Baada ya Nyabiondo tulisimamishwa na kizuizi cha mvua. Mvua ikinyesha, mlinzi hushusha mti barabarani, na hakuna kamio inayopita mpaka udongo ukauke. Papa, yule mzee aliyelinda pale, hakutaka maelezo. Nilimwambia tunamfuata mwanamke mwenye mimba. "Na barabara nayo iko na mimba," akajibu, "ukiipanda leo inazaa mashimo." Tulikaa chini ya turubai, tukila viazi vya kuchoma, mpaka jua lilipotoka na kufanya kazi yake.

Kashebere tuliingia jua limekwisha kuelekea magharibi. Hapo milima inashuka na msitu unasogea hadi nyuma ya nyumba, na hewa ni nzito. Anastazia alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu juu ya gunia la nguo. Alitabasamu, lakini hakusimama. Mumewe alikuwa mbali, kazini kwenye mgodi. Aliyetupokea ni mama mkwe wake, Mama Veronika, mwanamke mrefu aliyewahi kuzalisha nusu ya kijiji kile. Alitusalimia vizuri, akatupa maji, kisha akaitazama gari.

"Mulikuja kumuchukua na kitu hiki? Nilikisikia kinakohoa toka ng'ambo ya muto."

"Kesho tunabadilisha pompi, Mama," Leonardi akasema.

"Na kama kikifa mu pori? Nani atapokea mutoto? Huyu na vitabu vyake?"

Majirani walicheka. Nilikuwa na hotuba nzima tayari kuhusu daktari na hospitali, lakini niliiacha, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri. Nyumbani kwake kulikuwa na hatari aliyoijua. Njiani kulikuwa na hatari ambayo hata sisi hatukuijua. Kama ningekuwa mahali pake ningeuliza hilo hilo.

Mama Veronika alichota maharage kutoka gunia letu, akayapima kwa kiganja. "Basi. Kesho nitaweka haya ku moto. Gari ipande ule mulima na ishuke, na mizigo yake, mpaka maharage yaive. Ikizimika, Anastazia anazalia hapa."

"Mama," Anastazia akalalamika, "maharage ya Masisi iko magumu."

"Njo maana ninayapika."

Asubuhi tulianza kazi. Leonardi alifungua mirija miwili ya mazutu, akaiziba kwa vijiti, kisha akalegeza zile buloni kidogo kidogo, akizipaka mafuta, akizisemesha kama mbuzi mkaidi. Hazikukatika. Pompi ya zamani ilitoka ikidondosha. Kile kipande chembamba cha kuzibia, kilichokaa kati ya pompi na moteri, kilivunjika vipande vipande kama jani kavu. Leonardi akaomba ngozi ya ngoma iliyopasuka, akakata kingine kwa kisu. Tukafunga pompi ile nyingine. Nilisukuma kidole huku yeye amelegeza buloni ndogo juu ya filtiri ili hewa itoke. Likatoka povu, kisha mazutu safi. Moteri ikanguruma. Vijana wa kijiji walirukia juu ya mapipa ya mawese tuliyokuwa tumepakia, bila kualikwa, na tukaanza kupanda.

Mara ya kwanza tulifika juu. Mara ya pili pia, na vijana walikuwa wamekwisha kutunga wimbo. Mara ya tatu, katikati ya mlima, gari ilikohoa na kufa. Vijana waliruka chini, wakatusukuma kinyumenyume mpaka uwanjani, wakicheka mpaka machozi. Mama Veronika alitoa haragwe moja chunguni, akalibana kwa vidole.

"Bado mawe," akasema.

Hatukubishana naye. Leonardi alichukua ufunguo, akaanza kufungua tena zile buloni alizokuwa ametoka kuzikaza. Nilichuchumaa kando yake.

"Hii pompi ni nzima?"

"Ni nzima. Niliijaribu kwa mukono."

"Kwa mukono inasukuma vizuri, lakini mu moteri haisukumi. Mu moteri inasukumwa na nini?"

"Na huu mukono wake, ndani. Moteri ikizunguka inaugonga, njo unavuta mazutu."

"Na ngozi, kwa nini uliikata nene hivi?"

"Juu oili isivuje. Ikiwa nene, pompi inakaa..." Alishika ile ngozi kati ya vidole viwili, akaitazama kwa ubavu. "Inakaa mbali," akamaliza polepole. "Mukono haufiki. Unagongwa ku ncha tu."

Tulitafuta kitu chembamba. Jirani alitupa boksi la sabuni. Tukakata karatasi yake ngumu kwa kufuata alama za pompi, tukailoweka katika oili, tukafunga upya, tukatoa hewa upya. Nilipoinua kichwa nikamwona Mama Veronika anaongeza maji chunguni na kusogeza kuni.

Safari hii hakuna aliyeimba. Tulipanda, tukashuka, tukapanda. Leonardi alikuwa anapiga hesabu ya mazutu kwa midomo, na bado aligeuza kila tulipofika chini. Mwishowe Mama Veronika alisimama barabarani akainua kijiko. Tulikula sote, na maharage yalikuwa laini.

Siku iliyofuata, alfajiri, Anastazia aliketi mbele na Leonardi, mito imemzunguka. Nyuma, juu ya mapipa, niliketi mimi, na pembeni yangu Mama Veronika, ambaye hakumwomba mtu ruhusa. Milima ile ile iliyotusumbua tuliipanda bila mimi kushuka kusukuma kidole. Wingu jeusi lilitufuata kutoka msituni. Kwenye kizuizi matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka. Papa mlinzi alimtazama Anastazia dirishani, akatupungia mkono tupite, na mti ukashuka nyuma yetu. Kama tungesimama mara moja tu njiani, tungelala pale.

Masisi tulifika jioni. Dada alishikwa na uchungu kabla ya jua kuchomoza, na daktari alilazimika kumpasua. Akazaliwa msichana, mwenye sauti. Tulipoambiwa kwamba mama yake naye ameamka, Leonardi alikwenda kuketi peke yake ndani ya gari.

Nilimwuliza Mama Veronika, tukiwa uani mwa hospitali, kwa nini aliongeza maji chunguni wakati gari ilikuwa imekwisha kushindwa.

"Mulikuwa mumekwisha kukaza buloni," akasema. "Bantu wengi wakikwisha kukaza, wanaanza kupiga mudomo. Ninyi mulifungua tena."

Chuoni nimefundishwa kutilia shaka kila ninachoambiwa, na siachi. Lakini kabla ya Kashebere sikuwahi kuona shaka ikishika ufunguo na kurudi chini ya boneti, watu wakicheka. Kisha muuguzi alituita tuingie, na Mama Veronika akapita wa kwanza.