Washenga Niliowapeleka kwa Mgambo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kila nikiisimulia nacheka mpaka mbavu zinauma, ingawa siku yenyewe nililia kilio cha kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, tunakaa Lemara, Arusha, na baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Nyie wa leo hamjui balozi alikuwa nani. Mgeni akilala kwako, unampeleka kwa balozi anaandikwa: jina lake, katokea wapi, kafuata nini, anaondoka lini. Baba alikuwa fundi magari, mikono imejaa grisi saa zote, kwa hiyo daftari la wageni nililishika mimi.

Na nililishika kweli kweli! Baba aliniambia niandike wanaolala, mimi nikaandika hata wanaopita. Nilikaa kibarazani na kalamu yangu, nikaandika shemeji wa nani kaja na begi kubwa, mpangaji yupi anatembelewa na nani. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yameanza kujaa, mitumba imemwagika sokoni, watu wanatoka kila pembe kuja Arusha kutafuta maisha, na mimi kila sura ngeni niliiona ya mwizi. Mtaani waliniita Bi Daftari. Akina mama wakikaribia kibaraza chetu walishusha sauti, nami nikadhani ndiyo heshima.

Sasa, nilikuwa na mchumba, Elia, fundi seremala, kwao juu huko mlimani Meru, kwenye kahawa na migomba. Tulishakubaliana atatuma washenga kwetu. Lini? Hakuniambia, wala baba hakuniambia, maana kwa desturi ya ukoo wao binti haambiwi siku. Na walikuwa na desturi nyingine mbili ambazo sikuzijua. Mshenga hataji shughuli yake njiani, anaitaja akishakaribishwa akakaa. Halafu, washenga wakikataliwa kabla ya kukaa wanarudi zao, na posa imekwisha hapo hapo, hakuna kuijaribu tena.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha. Baba alikwenda sokoni kununua nyama, nyama nyingi tu, na mimi na uchunguzi wangu wote sikujiuliza atakula nani. Nikaona wanaume watatu wanapita mbele ya nyumba yetu, wanatazama mageti, wanarudi, wanatazama tena. Buti zao zimejaa matope. Mbele alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu, na mwenzake mmoja kabeba ndoo iliyofunikwa kwa majani ya mgomba.

"Mnamtafuta nani?" nikapaza sauti kutoka kibarazani. Hata shikamoo sikumpa yule mzee, mwanangu. Mpaka leo naona haya.

"Tunatafuta nyumba ya mtu," akajibu taratibu.

"Mtu gani? Mna shughuli gani?"

"Shughuli yetu haisemwi barabarani, binti."

Weee! Nikajua hapa nimewapata. Nikaandika: watu watatu, buti chafu, ndoo imefichwa, bila shaka pombe ya gongo, wanakataa kujieleza. Kisha nikatoka mbio mpaka kwenye kona walipokuwa mgambo wawili, nikawafunulia daftari kama mtu anayepeleka zawadi. Mgambo hawakuwa na maswali mengi. Waliwakamata kwa uzururaji, wakawaamuru wachuchumae pembeni mwa barabara.

Wakiwa wamechuchumaa hivyo, likapita gari lenye vioo vyeusi, likaelekea kwenye nyumba ya ghorofa iliyo mwisho wa mtaa. Mgambo wakakaza miguu wakalipigia saluti. Nani alikuwa ndani? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza. Wale watatu wakainuliwa, wakapelekwa kwa miguu mpaka ofisi ya kata, mtaa mzima ukiwatazama.

Haikupita nusu saa baba akarudi na kapu lake.

"Hajafika mtu?"

"Hajafika mtu. Kulikuwa na wahuni watatu wanazungukazunguka, ila nimeshawashughulikia."

Baba akaweka kapu chini polepole. "Wahuni gani?"

"Wana buti za matope."

"Mmoja mzee, kavaa kofia ya sufu?"

"Eeh! Huyo ndiye mkubwa wao."

"Yesu wangu," baba akasema. "Umempeleka kwa mgambo baba mkubwa wa Elia!"

Mwanangu, nilimpenda Elia vibaya sana, na sasa posa yangu ilikuwa imekaa chini kwenye ofisi ya kata. Tulikimbia, baba mbele, mimi nyuma kanga zinanidondoka, nalia hadharani bila kujali nani ananiona.

Tukawakuta wamekalishwa sakafuni. Mzee Anaeli, ndiye huyo mwenye kofia, kakaa mgongo wima kama yuko kanisani. Mgambo mmoja alikuwa amefunua ndoo, akachovya kidole, akalamba.

"Maziwa ya mgando," akasema kwa masikitiko.

Ofisa wa kata akamgeukia baba. "Balozi, unawafahamu hawa?"

"Ni wageni wangu."

"Wamekuja kwa shughuli gani?"

Baba akamtazama Mzee Anaeli. Mzee Anaeli akatazama dari. "Shughuli yao," baba akasema, "bado sijaambiwa."

Ofisa alikuna kichwa, akaona bora awaachie kuliko kuendelea kuwasikiliza. Nje, Mzee Anaeli akajipangusa suruali, akageuka upande wa mlimani kama mtu anayetaka kwenda kwake. Nikapiga magoti pale pale.

"Shikamoo baba. Nisamehe. Nakuomba usiondoke."

"Marahaba," akasema, akanitazama kwa muda mrefu. "Mwenye nyumba bado hajanikataa. Twendeni nikakae."

Nyumbani wakapewa viti, wakapewa chai, na hapo ndipo midomo ilipofunguka. Mzee Anaeli akasimama, akasema wametumwa na kijana wao Elia kumwomba binti wa nyumba hii, na kwamba huko mlimani wamesikia ana macho makali, nao leo wamejionea wenyewe. Watu walicheka! Mama alicheka mpaka akaketi chini. Halafu yule mzee akaagiza yule mgambo aliyeonja maziwa aitwe. Akaja anasitasita, akajaziwa kikombe mpaka juu. "Ulionja kwa kidole," Mzee Anaeli akamwambia, "sasa kunywa vizuri, mwanangu." Mgambo akanywa, akaongezwa, akala na nyama yetu pia.

Baadaye akaniita peke yangu, akaomba daftari. Akalisoma ukurasa baada ya ukurasa, kicheko kimekwisha usoni.

"Lile gari lililopita tukiwa tumechuchumaa," akauliza, "liko ukurasa gani?"

Nikafunua, nikafunua tena. Halikuwepo. Mwaka mzima lilipita mbele yangu na sikuliandika hata siku moja.

"Sisi umetuandika mpaka matope," akasema. "Unadhani unalinda mtaa, binti, kumbe unawalinda wenye vioo vyeusi dhidi ya wenye buti. Na uliniuliza maswali matatu ukiwa umekaa, mimi nimesimama. Ungenipa kiti ningekwambia kila kitu."

Tangu siku ile niliandika wanaolala tu, kama baba alivyosema, na akina mama wakaanza tena kuongea kwa sauti mbele ya kibaraza chetu. Elia nilimpata. Yuko hapo ndani sasa hivi, anakoroma.

Basi nisikilize, mwanangu. Nimeona kamera uliyofunga getini, na nimeona kundi la mtaa kwenye simu yako, mnavyorusha picha ya kila kijana anayepita na mzigo begani na kuandika hafahamiki. Sikukatazi kuwa macho, wezi wapo. Ila kabla hujarusha picha ya mtu, toka nje umsalimie. Muulize jina na wewe umtajie lako. Na kama huyo huyo angepita na gari zuri usingempiga picha, basi weka simu mfukoni, kosa lake ni buti tu. Mtu akishaonwa mhuni na mtaa mzima, si rahisi kumsafisha, na si kila aliyekalishwa chini ana balozi wa kumkimbilia.

Mungu akupe macho ya kumwona mtu kabla ya kumwona mgeni. Akupe nyumba yenye viti vya kutosha. Na anayekuja kwako na heri ambayo bado hawezi kuitaja barabarani, asirudie njiani kwa sababu yako. Amina.