Wivu wa Netiboli

Mke wangu alipoanza kuugua, majirani hapa Mbooni walisema ana mawazo mengi. Tulikuwa tumetoka kumzika mama yake huko Kitui. Alirudi mzima, akapika, akafua, akaenda kanisani, na mimi nikadhani yameisha. Kisha akaanza kuacha vitu kimoja kimoja. Aliacha kwaya, akaacha soko, mwishowe hata kuoga ikawa ni shughuli ya kubembelezwa. Maharagwe yalikauka shambani akiyatazama kutoka mlangoni. Ukimwuliza anaumwa wapi, anasema, "Siumwi."

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kibanda changu kiko Malili, kando ya barabara kuu, na miaka yote nilikuwa nikirudi nyumbani wikendi tu. Safari hii nilifunga kibanda, nikaja kukaa naye. Nilimletea mbuzi wa kuchoma, nyama ikapoa kwenye sahani. Nilinunua redio mpya. Nilimwita pasta akaja na wazee wa kanisa wakamwombea. Nilimsimulia visa vya madereva wa malori mpaka nikaichoka sauti yangu mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni asiyejua kuaga.

Mwishowe tulienda hospitali ya mji wa Wote. Daktari alisema hiyo ni depresheni, akaandika dawa, akatupeleka kwa nesi wa kuongea na wagonjwa. Alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa binti yetu.

"Mama, zamani, kabla ya haya, ulikuwa unapenda kufanya nini?"

"Anapenda kwaya," nikajibu. "Na kupika chapati."

Nesi hakugeuka kunitazama. Alingoja. Mke wangu alitazama sakafu, kisha akasema, "Netiboli."

"Ulikuwa unacheza wapi?"

"Shule. Kitui. Nilikuwa mfungaji."

Binti yetu mkubwa alikuwa tayari yuko sekondari, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwa mke wangu. Nesi alilipata kabla hajamaliza kikombe chake cha chai. Niliposikia akimwambia, "Basi tutaanzia hapo," kitu kilinichoma kifuani.

Alimweleza kwamba asingoje moyo upende ndipo aende. Mwenye ugonjwa huu akingoja kupenda, atangoja sana. Aende kwanza, hata akiwa hataki, na moyo utafuata nyuma pole pole. Siku nyingine hautafuata kabisa. Siku hiyo pia aende.

Walimu wa shule ya msingi ya hapa karibu na akina mama wachache hucheza jioni katika uwanja wa shule. Jioni ya kwanza nilimsindikiza hadi getini. Alikaa kwenye nyasi mpaka wenzake wakamaliza, akarudi. "Nimekaa tu," akaniambia. Jioni iliyofuata alikaa tena. Halafu siku moja wakakosa mtu, wakamwita, akaingia na kandambili zake miguuni.

Kuanzia hapo nikaona mabadiliko. Alitafuta raba za binti yetu, akazifua mwenyewe. Aliuliza leo ni siku gani. Alikula bila kuambiwa. Mvua iliponyesha wiki nzima na uwanja ukajaa matope, alirudi kitandani, akajifunika kama zamani. Jua lilipotoka, akaenda, na baada ya siku chache akainuka tena. Nilimshukuru Mungu. Lakini nilimshukuru kwa upande mmoja wa moyo.

Jioni moja nilikuwa natoka kusaga unga, nikapita nyuma ya ua wa shule, nikasikia kicheko. Nilikijua kabla sijakiona. Mke wangu alikuwa ameshika bega la mama anayeuza sukuma wiki sokoni, amejikunja, anacheka mpaka machozi. Kisha akanyoosha mkono na kupaza sauti, "Leta huku!"

Niliweka unga chini. Ingekuwa ni mwanamume, ningejua nimwonee nani wivu. Huyu alikuwa mwuza mboga, na mpira uliochubuka. Mimi nilifunga kazi yangu, nikamlisha, nikamwosha miguu, na kicheko chake cha kwanza akampa mtu mwingine.

Alipofika nyumbani, alinyamaza kama kawaida, akachukua maji. Nikashindwa kujizuia.

"Mama watoto, huko unacheka. Hapa kwangu unanyamaza."

Aliweka kikombe chini. "Ulikuwa unanichungulia?"

"Nilikuwa napita."

"Baba watoto, kule nikikosa goli, wananitupia mpira tena. Hakuna mtu anayenitazama uso aone kama nimepona. Wewe kila nikikohoa unanipima."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baadaye pete ya goli ilianguka kwa kutu, na akina mama wakamtuma aniombe niwatengenezee nyingine. Niliifanya vizuri kuliko milango ninayowachomelea wateja. Nilikuwa naikunja ile nondo ya chuma huku nikifikiria kwamba hicho ndicho kitu atakachokiinulia macho kila jioni. Nilipoipachika mlingotini, wote walipiga makofi. Mke wangu alikuwa tayari ameshika mpira, anasubiri niteremke ngazi.

Kibanda nimekifungua tena, ila sasa narudi pia katikati ya wiki. Dawa bado anameza. Zipo asubuhi anazoamka uso umefunga, na siku hizi nimejifunza kumpita kwa salamu moja tu, ingawa shingo inanivuta nigeuke.

Mwezi uliopita walialikwa kucheza Kitui mjini. Nilibaki na watoto. Alirudi jioni akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Walikuwa wamefungwa vibaya. Nilimtengea chakula, nikajikaza nisimwulize lolote. Akaanza mwenyewe. Alisimulia jinsi mlinzi wa wapinzani alivyokuwa mrefu kama mnazi, jinsi refa alivyokataa goli la halali, na jinsi mwuza sukuma alivyomjibu refa kwa Kikamba hata refa akashindwa kupuliza filimbi. Aliongea mpaka ugali ukapoa. Alitaja pia kwamba gari lao lilipita karibu na shule yake, akashuka, akasimama kidogo pale uwanjani alipokuwa anacheza akiwa msichana, mama yake akija kumtazama.

Sikuwahi kujua kwamba mama yake alikuwa akija.

Nilicheka alipocheka, nikamwuliza refa alikuwa amesimama wapi. Lakini kusema kweli, hata pale, nikiwa nimekaa naye uso kwa uso, niliwaonea wivu wote waliokuwa kwenye gari lile.