Nondo wa Mama Mukwe

Nilisomea kilimo miaka mitano, kisha nikaishia kuandika ripoti katika ofisi moja ya mjini, mtaa wa Nguba. Mmea pekee nilio nao uko ndani ya chungu dirishani, na anayeumwagilia ni mke wangu. Lakini kule kijijini Mudaka, kwa mama mukwe, mimi ni "enjenieri", yaani bingwa wa kilimo. Sijawahi kumsahihisha.

Siku moja alinipeleka kwenye miti yake ya avoka. Majani yalikuwa yamekunjwa na kushonwa kwa nyuzi nyembamba, na ndani yake mlikuwa na viwavi wa kijani. Matunda yaliyogusana na majani hayo yalikuwa yamekwanguliwa ganda.

"Enjenieri, hii kadudu jina yake njo nani?"

Nikachungulia simu, nikakohoa, nikatamka jina la Kilatini la picha ya kwanza iliyofanana na kiwavi yule. Mama akalirudia polepole, kama anajibu litania. Kufika Jumapili, wamama wenzake wa kanisa walikuwa wanalijua.

Hapo nikaogopa: je, kama jina lenyewe silo? Nikabeba viwavi sita katika chupa ya mayonezi, nikawalisha nyumbani. Watano wakatoa nyigu wadogo weusi, nami nikashangilia kutwa nzima nikidhani ndio wadudu wenyewe. Kwa wa sita akatoka nondo wa kahawia, kama kipepeo wa usiku. Nikampeleka kwa mwalimu wangu wa zamani.

"Nyigu ni wageni, wanakula kiwavi kwa ndani," alisema bila hata kucheka, na hilo liliniuma zaidi. "Na jina ulilolitoa ni la mdudu wa Ulaya. Huyu ni nondo mkunja-majani, ila aina zao zinafanana kama mapacha. Lazima tumpasue tutazame viungo vya uzazi."

Akampasua, akainamia darubini, akaniandikia jina jingine kwenye karatasi.

Nilirudi Mudaka na karatasi yangu, nikamsomea Mama jina jipya. Alinisikiliza vizuri, halafu akauliza:

"Sasa balijua jina yake namna gani?"

Kwetu mkwe hataji viungo vya uzazi mbele ya mama mukwe. Hata kiti chake hakalii.

"Kwa darubini, mama."

"Darubini iliangalia wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ya mabawa?"

"Chini kidogo, mama."

Mke wangu, aliyekuwa ameketi nasi, akakimbilia jikoni. Mama akanikazia macho, kisha akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

"Miaka mitano ya chuo, papa, kwa kuangalia ile!"

Alipotulia, akaulizia dawa. Nikasema, kwa sauti ya wataalamu, asipulize sumu, maana itaua nyigu wanaomsaidia; afadhali achume majani yaliyokunjwa. Akanionyesha ndoo iliyojaa majani hayo. Alikuwa akiyachuma tangu wiki ya kwanza wadudu walipoingia.

"Nilikuuliza jina tu," akasema kwa upole.

Nikavua koti. Tulichuma pamoja mpaka mvua ikaanza; yeye akajaza ndoo mbili, mimi sikufikisha hata nusu ndoo.