Tumkubalie Kwanza

Mwaka 1958, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba alifariki na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Mama alibaki na mimi na mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nikaenda Kizwite kufyatua matofali ya watu. Waliotaka kunihurumia niliwaambia wanipe koleo.

Yule wa mgongoni alikuja kuwa na kichwa. Alipanda madarasa yote mpaka chuo kikuu, kule pwani, kusomea hesabu na ualimu wake. Majirani hapa Pito walinitania kila siku.

"Hesabu gani zinasomwa miaka yote hiyo? Jedwali si linaishia kumi na mbili mara kumi na mbili?"

Alipokuja likizo nikamuuliza mwenyewe mnafanya nini huko.

"Tunathibitisha, kaka."

"Mnathibitisha nini?"

"Kwamba jambo ni kweli."

"Kwani nani amekataa?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini mwaka wake wa mwisho hakucheka. Walimleta afanye mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari ya hapa mjini, akawa analala kwangu. Jumatatu moja mkaguzi wake wa chuo aliketi nyuma ya darasa, akasikiliza kipindi kizima, kisha akamwambia, "Hesabu unaijua, lakini unafundisha ubao. Wanafunzi wamekuacha peke yako." Angerudi Alhamisi. Akimkuta vilevile, asingepewa ualimu.

Jioni hiyo alirudi, akaniamkia, akakaa, ugali wa ulezi ukapoa mbele yake. Mke wangu akambembeleza, "Wifi, onja basi." Wapi.

Nikamwambia, "Kesho tufundishe sisi."

"Kaka, nyinyi hamtaweza."

"Mwenye kuweza ana haja gani na mwalimu? Kama mimi nakushinda, rudi tufyatue matofali."

Maneno yalikuwa makali, lakini alikula.

Kesho yake mchana niling'oa mlango wa jikoni, nikaupaka unga wa betri zilizokwisha ukawa mweusi, nikauegemeza kwenye tanuru. Mama na mke wangu wakakaa mkekani, mimi juu ya matofali. Mdogo wangu akashika chaki.

"Tuseme kuna namba kubwa kuliko zote."

Mama akapaza sauti, "Kuna namba kubwa kuliko zote."

Mke wangu naye akafuata. Msiwacheke. Jioni walikuwa wanakwenda kisomo cha watu wazima, na kule mwalimu akisema "tuseme", darasa zima linaitikia.

"Hapana, mama, msirudie. Tunasema tu."

"Si ndiyo tumesema?"

Nikaingilia. "Na hiyo namba ipo?"

"Haipo, kaka."

"Sasa mbona unamfanya mama aseme uongo mbele ya tanuru yangu?"

Akaitupa chaki kwenye majani, akatugeuzia mgongo. Nilidhani analia, na huenda alilia. Kisha akageuka.

"Kaka, unakumbuka kesi ya ndama?"

Nani asahau? Jirani alidai ndama wetu ni wake. Balozi wa nyumba kumi hakubishana naye. Alisema, "Haya, tumkubalie kwanza. Ndama ni wake. Mfungulieni aende kwao." Ndama akakimbia moja kwa moja mpaka kwenye chuchu za ng'ombe wetu.

"Balozi aliamini ndama ni wa yule bwana?" akauliza.

"Thubutu."

"Basi kwa nini alimkubalia?"

"Ili aumbuke."

"Ndivyo hivyo. Kuna mtu anajigamba ana namba kubwa kuliko zote. Tumkubalie kwanza. Sasa namwongezea moja."

Nikainua kidole. "Moja tu?"

"Moja tu."

Mama akapiga kofi pajani. "Ameumbuka!"

Tulikaa pale mpaka jua likaelekea milimani. Alitufundisha hesabu nyingine, ngumu zaidi, na sikuzielewa zote, sidanganyi. Lakini nilielewa kazi yake ni nini, na hakutugeuzia tena mgongo.

Alhamisi nikajipa shughuli ya kupeleka matofali ya choo cha shule. Mkokoteni niliuegesha karibu na dirisha lake makusudi. Alianza kwa Kiingereza, sikuambulia kitu. Akauliza swali, akalirudia mara mbili. Kisha nikamsikia kwa Kiswahili, "Jamani, huyu tumkubalie kwanza." Akasimulia ndama. Akarudi kwenye Kiingereza chake, na mwishoni darasa zima likalipuka, "Ameumbuka!"

Mkaguzi alitoka akifuta miwani. "Ndugu, samahani, huku kwenu neno hilo ni la matusi?"

"La kesi za ng'ombe," nikamjibu.

Akatikisa kichwa, akatabasamu. Ualimu alipewa.

Amefundisha mpaka amestaafu, na baadhi ya waliopita mikononi mwake ni walimu wa hesabu leo. Mimi nina nyumba ya matofali ya kuchoma Pito, bati juu. Nina tanuru mbili, kibanda cha duka Katandala, shamba la mahindi, shamba la ulezi, maksai, ng'ombe na ndama wao. Na mlango mmoja mweusi, ambao sijaupaka rangi.

Asiyeamini kwamba aliyeishia darasa la tatu ana vyote hivyo, namkubalia kwanza. Kisha aje aone.